Fedha ya Besi Iende Kwenye Spika



Msimu wa korosho unapoanza, mwezi wa kumi hivi, kwetu Kitangari na vigango vya jirani huanza na msimu mwingine ambao haumo kwenye kalenda ya Kanisa: msimu wa kwaya kununua vyombo. Minada inafanyika, wakulima wanasubiri malipo yaingie, na Dominika moja baada ya matangazo mwenyekiti wa kwaya anasimama kutuambia kwamba mwaka huu tumekusudia kupata gitaa la besi na mziki wake. Jumuiya zinapangiwa kiasi. Bahasha zinagawiwa.

Mimi ni frateri wa falsafa, na nikiwa likizo huwa napiga besi: sikukuu za somo wa kigango, harusi, kipaimara, jubilei za masista, na sherehe nyingine ambazo hadi tunafunga waya usiku nakuwa sijajua bibi harusi ni yupi. Kwa sababu hiyo naulizwa sana. "Frateri, tununue gitaa gani?" Jibu langu huwa haliwafurahishi. Nasema gitaa liwe la mwisho kufikiriwa. Kama mna shilingi kumi, saba ziende kwenye spika na amplifaya, mbili kwenye gitaa, na moja kwenye waya, plagi na nauli ya kuvifikisha nyumbani. Kwaya nyingi za ukanda wetu hufanya kinyume chake, na naomba nieleze kwa nini naona hiyo ni hasara ya fedha ya watu maskini.

Gitaa la besi la umeme ni ubao, shingo, nyuzi nne na sumaku. Leo Fender alianza kuuza Precision Bass huko California mwaka 1951, na tangu hapo umbo hilo halijabadilika sana: uzi wenye urefu wa sentimita 86 hivi kati ya daraja na kichwa, na pikapu chini yake. Magitaa mengi ya bei ndogo yanayotoka China na Indonesia yanafuata vipimo hivyohivyo. Shingo ikiwa imenyooka na vyuma vyake vikiwa sawa, gitaa la bei ndogo litatoa sauti inayokaribia sana ile ya gitaa la bei mara tano. Mtu anayekaa benchi la saba kanisani hatatambua tofauti, na ukimwambia kuna tofauti atakushangaa.

Spika ni habari nyingine. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde. Kusukuma hewa kwa mwendo huo wa polepole kunahitaji karatasi pana ya spika na kasha zito lisilotikisika. Spika ya inchi sita haiwezi. Honi zile za tarumbeta tunazofunga juu ya mnara haziwezi kabisa. Zinachotoa ni vijisauti vya juu vya uzi uleule, na ndiyo maana katika makanisa mengi unamwona mpigaji wa besi anatoka jasho, anafumba macho, vidole vinakimbia, na wewe unasikia kitu kama mtu anayegonga meza kwa kalamu.

Kuna kwaya moja huku uwandani, sitaitaja, iliyonunua gitaa la nyuzi sita lenye rangi ya machweo. Zuri kwelikweli. Fedha ikaishia hapo, basi wakalichomeka kwenye kispika cha kinanda. Harusi ya kwanza kilikwaruza. Harusi ya pili karatasi ikachanika, na wakawa hawana besi wala kinanda. Gitaa sasa linaning'inia stoo ndani ya mkoba wake, na nyuzi zake mbili, ya juu kabisa na ya chini kabisa, sidhani kama zimewahi kuguswa na mtu yeyote tangu zitoke kiwandani. Waliochangia ni watu ninaowajua. Yumo mama anayebangua korosho kwa mkono na kuziuza kwenye vifuko vidogo stendi.

Mtakatifu Thoma wa Akwino ana mfano ambao kila mweka hazina wa kwaya angeufurahia. Katika sehemu ya kwanza ya Summa Theologiae, swali la 91, anapoeleza kwa nini mwili wa binadamu umeumbwa ulivyo, anasema fundi anayetengeneza msumeno hutumia chuma ili ukate. Hautengenezi kwa kioo, ingawa kioo ni kizuri zaidi kwa macho, kwa sababu uzuri huo ungekizuia chombo kufikia lengo lake. Tunafundishwa jambo hili darasani chini ya kichwa cha habari cha sababu ya mwisho, tunaliandika kwenye daftari, tunalifanyia mtihani. Halafu tunaenda dukani na kununua msumeno wa kioo.

Najua nitakachojibiwa, maana nimeshajibiwa: "Frateri, Mungu apewe kilicho bora." Nakubali kabisa. Lakini ubora wa chombo unapimwa na kazi kinayofanya. Kalisi hupakwa dhahabu ndani kwa heshima ya kinachobebwa. Nyuzi sita za gitaa hazibebi kitu ambacho nyuzi nne zimeshindwa kukibeba kwenye nyimbo tunazoimba sisi. Uzi wa tano, ule wa chini zaidi, unashuka mpaka mitetemo 31 kwa sekunde, yaani unadai spika kubwa zaidi ya ile ambayo tayari hamna.

Sasa niingie kwenye ununuzi wenyewe. Muuzaji atawatajia wati. Kwenye boksi patakuwa na namba kubwa sana, elfu mbili, elfu tatu. Hiyo mara nyingi ni ya kishindo cha mara moja. Itafuteni ile iliyoandikwa RMS, ndiyo nguvu ambayo mashine inaihimili muda wote. Tena wati zinadanganya kwa njia nyingine. Ukizidisha wati mara mbili, sauti inapanda desibeli tatu tu, kiasi ambacho sikio linakitambua kwa shida. Ili watu waseme besi imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji kama mara kumi ya zile wati za mwanzo. Kwa hiyo kulipa fedha nyingi ili kutoka wati 200 kwenda 300 ni kununua namba. Afadhali kutafuta spika inayoitikia vizuri zaidi: nyuma yake au kwenye karatasi yake huandikwa inatoa desibeli ngapi kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja. Spika ya 97 ikilinganishwa na ya 94 ni sawa na kuwa na amplifaya yenye nguvu maradufu, bila kununua amplifaya nyingine. Kwa kanisa la kigango na harusi ya uani, mimi naridhika na wati 200 au 300 za kweli na spika moja ya inchi 15, au mbili za inchi 12.

Mkichukua spika mbili, angalieni omu. Mbili za omu 8 zikiungwa pamoja sambamba zinakuwa omu 4, na amplifaya nyingi zinaishia hapo. Siku ya harusi atatokea kijana mwenye nia njema anayetaka kuongeza ya tatu. Mzuieni kwa upendo. Pia waya wa kutoka amplifaya kwenda kwenye spika si ule wa gitaa, hata kama jeki zinafanana. Ule wa gitaa ni mwembamba ndani na utachemka.

Kuna amplifaya za siku hizi zenye uzito wa kilo mbili au tatu, unaiweka kwenye begi na kupanda bodaboda. Mgongo wangu unazipenda. Hata hivyo kwa kwaya ya Kitangari nashauri zile nzito za zamani zenye transfoma kubwa. Sababu ni fundi. Ile nyepesi ikifa, ndani kuna vipande vidogo kama chawa vilivyobandikwa kwa mashine, na fundi redio wa Newala au Masasi ataifunga tena na kukwambia uipeleke Dar es Salaam. Ile nzito ataifungua, ataona transista iliyoungua, atabadilisha, na Jumamosi mtapiga. Chombo kisichotengenezeka hapa kinapaswa kuhesabiwa kuwa ghali hata kikiuzwa nusu bei.

Kwa sababu hiyohiyo napendelea gitaa lisilohitaji betri. Yale yenye betri ndani yana sauti nzuri, lakini ukiacha waya umechomekwa usiku kucha betri inaisha, na utagundua wakati wa wimbo wa mwanzo, padre akiwa ameshafika altareni. Nyuzi zikichakaa na fedha hakuna, zichemsheni kwenye sufuria dakika kumi na kuzikausha vizuri. Uchafu unatoka na sauti inarudi kwa muda. Jirani atauliza mnapika nini.

Juu ya umeme nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu hapa kuna maisha ya watu. Harusi nyingi huku zinapigwa kwa jenereta. Liacheni litulie kabla ya kuwasha mziki, na zimeni mziki kabla ya kulizima. Mkiletewa amplifaya iliyotumika kutoka Japani au Marekani, someni nyuma: kule umeme wao ni volti 100 au 120, wetu ni 230. Ikichomekwa bila kibadilishi inakufa siku hiyohiyo. Lakini amplifaya ni chuma. Linaloniogopesha ni ile tabia ya kuvunja kijiti cha tatu cha plagi ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili. Kijiti kile ndicho kinachopeleka ardhini umeme uliovuja. Ukikivunja, nyuzi za gitaa zinaweza kubeba umeme kimyakimya, na anayepiga huku anaimba, midomo yake ikigusa maiki iliyochomekwa kwenye mashine nyingine, ndiye anayekuwa waya. Nimemwona mwimbaji akirushwa hivyo, akaanguka na kusimama akicheka. Si kila mmoja husimama. Kwaya ikinunua soketi ndefu yenye matundu matatu na kumlipa fundi umeme akague waya wa ardhini wa kanisa, hiyo shilingi moja niliyoitenga imefanya kazi kuliko zote.

Haya, tuseme spika imepatikana, kubwa, yenye afya. Hapo ndipo linapoanza tatizo la pili. Mpigaji anataka isikike. Baada ya Misa moja ya sikukuu mama mmoja mzee alinishika mkono akaniambia, "Frateri baba, leo zaburi sikuisikia. Nimesikia tumbo langu."

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Konstitusio ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 120, unaipa kinanda cha mabomba heshima ya pekee, kisha unaruhusu vyombo vingine kwa idhini ya mamlaka husika, mradi vifae au viweze kufanywa vifae kwa ibada, vilingane na hadhi ya hekalu na kuwajenga waamini. Wapo mapadre wazee wanaoona besi haifai kabisa, kwamba ni chombo cha dansi. Siwadharau. Ila hapa kwetu ngoma nzito imekuwa ikishikilia nyimbo tangu kabla ya umisionari, na mtu aliyekulia kwenye uwanda wa Makonde anajua kuimba kwa pamoja kunahitaji kitu cha chini cha kukanyagia. Besi ikikaa pale inafaa. Maelekezo ya Musicam Sacram ya mwaka 1967 yanatoa kipimo ambacho hata asiyejua muziki anaweza kukitumia: vyombo visifunike sauti za waimbaji kiasi cha maneno kutoeleweka. Yule mama alikuwa ametoa hukumu ya kiliturujia bila kusoma waraka wowote.

Tufanyeje? Makanisa yetu mengi yana paa la bati bila dari. Bati linapenda besi. Ukiiweka spika kwenye kona, kuta mbili na sakafu zinaikuza sauti ya chini mpaka inavuma na kubaki ikizunguka huku neno linalofuata limeshaimbwa. Itoeni kona, iinueni kwenye stuli imara au meza fupi, ielekezeni kwa watu. Halafu fanyeni jambo ambalo vijana hawaliamini mpaka walisikie: punguzeni kitufe cha besi na kuongeza kidogo cha sauti ya kati. Noti inasikika wazi zaidi, mngurumo unapungua, na mwalimu wa kwaya anaacha kumtazama mpigaji kwa jicho lile. Mpigaji naye atumie upembe wa kiganja kuzima uzi mapema. Ukimya kati ya noti mbili ni sehemu ya besi. Wapigaji wa bendi zetu za rumba walilijua hilo, sikiliza jinsi wanavyoacha nafasi ili gitaa la solo lipite. Wakati wa Kwaresima taratibu za Misale zinataka vyombo vitumike kusaidia uimbaji tu, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Mimi naona huo ndio muda mzuri kuliko wote wa kumfundisha mpigaji mpya.

Nimezitaja bendi, basi niseme na hili la nani mwenye chombo. Bendi kubwa za dansi nchini kwa miaka mingi hazikumiliki vyombo vyao. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park ilikuja kuwa ya shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam. Nyingine zilikuwa za wafanyabiashara. Mwanamuziki aliondoka na vidole vyake tu. Ndiyo maana akitokea mwenye vyombo vipya, kundi zima lilihama, kama mwaka 1985 wanamuziki kadhaa wa Mlimani Park, Muhidin Maalim Gurumo akiwamo, walipokwenda Orchestra Safari Sound. Watu wanaongea juu ya usaliti. Mimi naona watu wasio na jembe wakifuata mwenye jembe.

Vigangoni tumelirudia jambo hilo kwa udogo wake. Gitaa ni la kwaya, ufunguo wa stoo uko kwa mweka hazina, na mweka hazina yuko shambani. Kijana mwenye kipaji anagusa chombo saa mbili kwa wiki, na hizo saa mbili ni za kupiga mbele ya watu. Atajifunza lini? Akipata nafasi anaenda Mtwara mjini au Dar, na kwaya inaanza upya na mtoto mwingine. Maoni yangu ni kwamba kwaya imiliki spika na amplifaya, ambavyo ni vizito na vinatumika na wote, lakini gitaa liwe la mpigaji mwenyewe. Kwaya imkopeshe zile shilingi mbili, alipe kidogokidogo kwa kukatwa kwenye posho za harusi. Alale nalo nyumbani. Hahitaji umeme kufanya mazoezi: akiegemeza kichwa cha gitaa kwenye mlango wa mbao au kabati, mbao inaitikia na sauti inatosha chumba kizima. Kile kijiti cha juu ya shingo kinachoshikilia nyuzi kikivunjika, tuna wachonga vinyago wanaoweza kumtengenezea kingine cha mpingo, mti uleule ambao nchi za nje wanautengenezea klarineti.

Najua neno posho litawakera baadhi. Vyombo vya kanisa kukodishwa kwenye sherehe za jioni kumeleta ugomvi mwingi, hasa pale fedha inapopotelea njiani. Lakini kuvifungia si jibu. Spika isiyotumika inaliwa na panya. Vikodishwe, kiasi kiandikwe, sehemu iwe ya matengenezo na sehemu ya mpigaji. Injili yenyewe inakiri kuwa mtenda kazi anastahili ujira, na mtenda kazi aliyebeba kasha la kilo 25 kwenye mchanga wa njia ya Kitangari anastahili na maji ya kunywa.

Mtakaokwenda Kariakoo mwaka huu, mchukueni mpigaji wenu, hata kama ana miaka kumi na saba na mnaona ni mtoto. Msikubali muuzaji awajaribie spika kwa wimbo wa kwenye simu, maana wimbo wa simu umeshapikwa. Apige huyo kijana uzi mnene, wazi, taratibu, na mmoja wenu asimame ng'ambo ya barabara asikilize kama noti inamfikia au ni mngurumo tu. Mtazame shingo ya gitaa kwa kufumba jicho moja, kama mnavyotazama ubao wa kuezekea. Someni volti. Ulizeni kama spika ya akiba ya saizi hiyo inapatikana peke yake bila kasha. Na risiti iandikwe jina la kigango, si la mwenyekiti.